Bei ya Shamba Iko kwa Jirani, Haiko kwa Dalali

(Haya ni maneno ya Katibu wa Tawi aliyoyasema mbele ya wanachama wa ushirika siku ya malipo ya korosho. Kamati imeomba yaandikwe hapa ukutani ili wale ambao hawakufika nao wayapate. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.)



Sitawachosha, maana najua leo macho ya kila mtu yako kwenye meza ya karani. Lakini fedha za meza ile ndizo zilizonisimamisha. Kila mwaka fedha za korosho zikifika, na madalali wa mashamba nao wanafika. Wiki hii nimewaona watatu wamekaa pale kwenye kahawa, wanauliza nani kapata ngapi. Hawaulizi hali za watoto wetu.

Ndugu zangu, kununua shamba si kosa. Afadhali shamba kuliko redio ya pili. Wapo hapa vijana ambao shamba la baba limegawanywa mpaka halina pa kugawanya, lazima watafute kijiji jirani. Mimi sisemi msinunue. Nasema msinunue kwa bei iliyotoka mdomoni mwa dalali, na kwa kipimo kilichotoka miguuni mwake.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, ili msiseme Katibu anahubiri tu. Mwaka 2012 nilinunua shamba upande wa pili wa bonde. Dalali aliniambia ni ekari 5, kila ekari shilingi 300,000. Akapiga hatua mbele yangu, 70 upande mmoja na 350 upande wa pili, nami nikahesabu naye kwa sauti. Hesabu ilikuwa sawa. Nikampa shilingi 1,500,000 mkononi. Nikauliza mwenye shamba yuko wapi. Akasema ni mzee mgonjwa, hapendi kusumbuliwa. Nikaamini.

Baada ya mwaka tukakutana msibani, mimi na yule mzee. Mzima kabisa! Akaniuliza, "Mwanangu, shamba linakwendaje?" Tukazungumza. Kumbe yeye alipewa shilingi 900,000. Zile 600,000 zilikuwa cha juu cha dalali, na mzee hakujua, na mimi sikujua. Tulikuwa wawili tumenyonywa na mtu mmoja, kwa sababu hatukukutanishwa.

Hayakuishia hapo. Wakati ule nilikuwa bado naendelea na darasa la kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu alikuwa anatufundisha kutafuta eneo. Nikaenda na kamba shambani. Ile hatua ya dalali ilikuwa sentimita 75 tu. Upande wa hatua 70 ukatoka mita 52 na nusu. Upande wa hatua 350 ukatoka mita 262 na nusu. Zidisha hapo: mita za mraba 13,781. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Basi shamba langu la ekari 5 lilikuwa ekari 3 na kitu, hata tatu na nusu halikufika. Ile ekari ya 300,000 nilikuwa nimeinunua kwa karibu 440,000. Nilikaa chini ya mkorosho nikacheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyelia.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, nimeyapanga mafunzo yangu katika mambo matano.

JAMBO LA KWANZA: PIMA MWENYEWE. Huku kwetu Mkuranga tunasema ekari ni hatua 70 kwa 70. Usemi huo si wa uongo, lakini hatua hiyo ni ya yadi moja, yaani sentimita 91. Mwenye kuuza kwa hila hufupisha hatua. Usihesabu hatua za mtu. Chukua kamba ya mita 64. Kiwanja cha kamba moja kila upande kinakaribia sana ekari moja, kinazidi kidogo tu. Mtunza ghala wetu anayo kamba iliyopimwa, Kamati imekubali mwanachama yeyote aiazime bila malipo. Na kama ni shamba la mikorosho iliyopandwa kwa mistari, mita 12 kwa mita 12, ekari moja huingia miti kama 28. Ukiambiwa ekari 3 ukahesabu miti 50, uliza zile nyingine ziko wapi.

Ukipima, angalia na mipaka ya serikali. Barabara kuu na barabara za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kutoka katikati, kila upande. Kando ya mto, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Dalali akikuonyesha shamba "zuri sana, liko barabarani kabisa", huenda nusu yake unanunua hifadhi ya barabara. Utajenga, halafu utabomoa.

JAMBO LA PILI: BEI ITAFUTE KWA MAJIRANI. Kabla hujataja hata shilingi, nenda kijiji kile siku mbili tatu bila dalali. Kaa kwenye kahawa, sali nao, nunua maandazi. Uliza mashamba matatu ya mwisho yaliyouzwa yaliuzwa kiasi gani, lini, na yako wapi. Muulize aliyeuza na aliyenunua, maana kila mmoja ana lake. Hapo utaijua bei ya mahali. Dalali anajua bei ya mfuko wako, bei ya mahali anayo jirani.

Kisha fanya hesabu ya shamba lenyewe. Tuseme shamba lina mikorosho 40 inayozaa, na majirani wanakubali kwamba kwa wastani kila mti unatoa kilo 8. Hizo ni kilo 320. Tuseme kilo ni shilingi 2,000. Unapata 640,000. Toa palizi, salfa, mtu wa kupulizia na wa kuokota, tuseme 240,000. Inabaki 400,000. Shamba likiuzwa shilingi 2,400,000, fedha yako itarudi baada ya miaka 6, kama mvua na soko havikukusaliti. Je, unaweza kungoja? Kama mtoto anaingia sekondari mwakani, jibu unalo. Hesabu hii si ngumu, ni kuzidisha na kutoa. Tumeisoma darasani sote.

Na usiangalie shamba mara moja. La bondeni liangalie masika ujue maji yanasimama wapi. La mlimani liangalie kiangazi ujue utachota maji wapi. Mikorosho iangalie inapotoa maua, uone kama ubwiriunga umeizoea.

JAMBO LA TATU: MJUE MWENYE SHAMBA, NA WENZAKE. Usilipe kabla hujakaa na mwenye shamba uso kwa uso. Muulize bei mwenyewe, kwa kinywa chake. Muulize anauza kwa nini. Kama ana mke au mume, naye awepo na atie saini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na mashauri mengi ya ardhi yanaanzia hapo hapo: bwana kauza, mama kalia, mnunuzi kaanza safari za baraza. Kama shamba ni la marehemu, mtafute msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na usome muhtasari wa kikao cha ukoo. Ndugu mmoja hawezi kuuza urithi wa ndugu sita.

JAMBO LA NNE: UUZAJI UFANYIKE OFISI YA KIJIJI, MCHANA. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais ni mdhamini wake. Sisi tunachohamishiana ni haki ya kuitumia, pamoja na miti na jasho lililomo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, inataka haki ya kimila ikihamishwa Halmashauri ya Kijiji ijulishwe na itoe idhini. Karatasi mliyoandikiana gizani kwa taa ya simu, na shahidi ni dalali, haikulindi. Mwite mwenyekiti wa kitongoji, waite majirani wa pande zote nne, watembee mpaka kwa mpaka nanyi, majina yao yaandikwe. Kama mwenye shamba anayo hati ya hakimiliki ya kimila, ione kwa macho, ulinganishe na daftari la kijiji. Kila fedha inayotolewa ofisini idai stakabadhi. Kiongozi anayetaka fedha bila stakabadhi, hata akiwa mimi, mnyimeni.

JAMBO LA TANO: DALALI MWEKE MAHALI PAKE. Sitaki mseme Katibu kawatukana watu wanaotafuta riziki. Dalali anayekukutanisha na mwenye shamba, akakaa meza moja nanyi, akataja ujira wake mbele yenu wote wawili, huyo ni mfanyakazi, mlipeni haki yake. Dalali anayemficha mwenye shamba ni mlanguzi. Ujira upatanwe kabla, uandikwe, ulipwe baada ya kutia saini. Fedha ya shamba apewe mwenye shamba, isipite mkononi mwa dalali hata kwa dakika moja.

Mtamtambua mlanguzi kwa maneno yake. Atasema, "Kuna mtu wa mjini anakuja kesho na fedha taslimu." Mwambie, "Aje, tutaonana." Atasema, "Toa kidogo cha kushikia shamba." Mwambie utakitoa ofisini, kwa maandishi, yakisema na namna kitakavyorudi kama mambo yameharibika. Atadai fedha ya kukupeleka tu kuangalia, leo shamba hili, kesho lile, mpaka umemaliza fedha ya mbegu. Shamba halina miguu, ndugu zangu. Likikupita hili, lipo lingine. Fedha ya msimu ndiyo yenye miguu.

Sasa nimalizie kwa jambo ambalo limeninyima usingizi.

Juzi jioni mmoja wa wale watatu alikuja nyumbani kwangu. Alikuja na sukari kilo mbili. Akasema ana mashamba kijiji cha jirani, na kwamba watu hapa wananiheshimu. Mimi niwaambie tu kuwa mashamba yale ni salama, basi kila ekari itakayouzwa nitapata shilingi 50,000. Ndugu zangu, sitawadanganya, niliifanya ile hesabu kichwani. Ekari 10 ni laki tano. Nina mtoto chuoni. Nilinyamaza muda mrefu kuliko inavyompasa kiongozi kunyamaza.

Halafu nikajiuliza laki tano hizo zinatoka wapi. Hazitoki kwake. Zinatoka kwenye meza ile ya karani, zinapita kwenye mikono yenu, zinakuja kwangu zikiwa zimevaa kanzu ya dalali. Nikamrudishia sukari yake. Mke wangu alikasirika kidogo, maana sukari ilikuwa imekwisha ndani. Lakini aliposikia habari yenyewe akasema nimefanya vizuri.

Nayasema haya hadharani kwa sababu akishindwa kwangu atakwenda kwa mwingine: kwa mjumbe, kwa karani, kwa shemeji yako. Kwa hiyo mtu yeyote, hata awe kiongozi, akikuhimiza ununue shamba fulani haraka, muulize swali moja mbele ya watu: "Na wewe unapata ngapi?" Mwenye nia njema atacheka, atakujibu. Mwingine atakumbuka ana ng'ombe anamsubiri.

Ombi langu la mwisho. Anayetaka kununua shamba msimu huu asiende peke yake. Aje kwa Kamati, apewe wenzake wawili na kamba. Mmoja apime, mmoja aulize bei, mwenye fedha anyamaze. Tunauza korosho pamoja kwa sababu mmoja mmoja tulikuwa tunapunjwa kwenye mizani. Basi na kwenye ardhi twendeni pamoja, maana ardhi ukipunjwa hupunjwi msimu mmoja, unapunjwa wewe na wajukuu zako.

Karani, endelea na kazi.

Katibu wa Tawi