Miksa ya Zamani Inapozimika: Nasaha kwa Wenye Mali



Kwaya, vikundi vya taarab na kumbi za sherehe zingali zikitumia miksa za sauti zilizoundwa miaka ya 1980 na 1990, mashine nzito za chuma, nyingi zikiwa zimenunuliwa baada ya kutumika ng'ambo. Siku mashine hiyo inapozimika au kuanza kunguruma, wenyewe huambiwa neno moja tu: imekufa. Kabla hamjalikubali neno hilo na kuchanga fedha za miksa mpya, takeni mwonyeshwe vipimo.

Katika miksa ya umri huo, kinachotangulia kuchoka mara nyingi ni pawa saplai, iwe imefungwa ndani au katika kisanduku chake pembeni. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kutoa umeme mdogo wa mkondo mnyoofu: kwa kawaida volti 15 hadi 18 chanya, kiasi kama hicho hasi, na volti 48 za maikrofoni za kondensa. Ndani yake mna kapasita zenye majimaji ya kemikali, na joto huyakausha majimaji hayo mwaka baada ya mwaka. Transfoma, ambayo ndiyo ghali, aghalabu hubaki nzima.

Dalili zenyewe husema. Maikrofoni za kondensa zikinyamaza zote kwa pamoja ilhali za kawaida zinasikika, yaelekea zimepotea zile volti 48 peke yake. Mkisikia muungurumo, chomoeni nyaya zote za kuingiza na kutoa sauti, kisha msikilize kwa hedifoni. Ukibaki, umo ndani ya miksa. Ukitoweka, msimlipe mtu kwa kufungua pawa saplai.

Fundi mwangalifu huipima pawa saplai ikiwa imetenganishwa na miksa, kisha huipima tena ikiwa inabeba mzigo. Hilo si mbwembwe. Kidhibiti volti kikiungua, volti zaweza kupanda kupita kiasi, na vijidude vya ndani vya miksa nyingi haviruhusiwi kuzidi volti 18 kila upande. Hapo ndipo hitilafu ndogo hugeuka hasara ya mashine nzima.

Mkishauriwa kuibadilisha pawa saplai yote, ulizeni ile mpya inatoa volti zipi na ampea ngapi katika kila njia. Zile za taa au kamera za ulinzi, zinazouzwa kila duka, hutoa njia moja tu ya umeme. Moja ya namna hiyo haiwezi kushika nafasi ya njia tatu. Na miksa iliyotoka Marekani huenda imepangwa kwa volti 120: akague swichi na transfoma kabla ya kuichomeka.

Asikubaliwe kamwe fundi anayekata waya wa ardhi ili kunyamazisha muungurumo. Waya huo ndio unaomkinga mwimbaji aliyeshika maikrofoni ya chuma. Nanyi msifungue kisanduku wenyewe, kwani kapasita huhifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Risiti iandikwe volti zilizopimwa kabla na baada ya kazi, vipuri vilivyowekwa na muda wa dhamana. Vipuri vilivyotolewa mrudishiwe mkononi siku hiyohiyo.