Kuisikiliza Ardhi: Ufuatiliaji wa Matetemeko na Volkano Ulimwenguni



Mada niliyopewa ni kubwa kuliko muda niliopewa, kwa hiyo mtaniwia radhi nikipita haraka katika baadhi ya mambo. Nimeombwa nieleze jinsi wanadamu wanavyofuatilia matetemeko ya ardhi na milima ya volkano ulimwenguni, na hasa nijibu lile swali linaloulizwa kila linapotokea janga: je, wataalamu hawakujua mapema? Na kama walijua, kwa nini watu walikufa?

Kwanza tutazame ukubwa wa kazi yenyewe. Kituo cha taarifa za matetemeko cha Marekani, kilichopo katika mji wa Golden, jimbo la Colorado, huandika matetemeko yapatayo 20,000 kila mwaka, yaani kama 55 kwa siku. Basi katika nusu saa hii tutakayokaa pamoja, yumkini litaandikwa tetemeko moja mahali fulani duniani. Mengi ni madogo mno, hata aliyelala juu yake haamki. Makubwa ya kufikia 7 au zaidi ni kama 15 kwa mwaka. Na msidhani kwamba tetemeko la 7 limelizidi la 6 kidogo tu. Nguvu yake ni kama mara 32.

Habari hizo hukusanywa na mashine ziitwazo sismografu, zilizotandazwa katika mabara yote. Baadhi ziko kwetu Afrika Mashariki, kama ile ya Mbarara nchini Uganda na ile ya Kilima Mbogo nchini Kenya. Ardhi ikipasuka Sumatra, mawimbi yake hupita ndani ya dunia na kufika Mbarara baada ya dakika zipatazo kumi tu. Naam, ndivyo ilivyokuwa tarehe 26 Desemba 2004, lilipotokea lile tetemeko la 9.1. Mashine za dunia nzima zilitikisika. Lakini mawimbi ya bahari yaliyozaliwa na tetemeko hilo yalichukua takriban saa saba kufika pwani ya Somalia, na huko yaliua watu wapatao 300. Saa saba, ndugu zangu! Habari zilikuwepo, lakini wakati ule Bahari ya Hindi haikuwa na utaratibu wowote wa kupeleka onyo kutoka kwenye mashine hadi kwa mvuvi aliyeko ufukweni. Utaratibu huo uliundwa baadaye, na ulianza kazi kikamilifu mwaka 2011.

Kwa upande mwingine, kisiwa cha Simeulue kiko karibu kabisa na mahali lilipoanzia tetemeko hilo, na watu wake wapatao 78,000 hawakuwa na mashine wala king'ora. Walichokuwa nacho ni masimulizi ya mababu tangu gharika ya mwaka 1907, ambayo wao huiita smong: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani, usingoje mtu. Walikimbia. Waliokufa kisiwani humo ni saba tu.

Sasa nijibu swali lenyewe. Kuhusu matetemeko, jibu ni hapana. Hakuna mtu awezaye kutaja siku, mahali na ukubwa wa tetemeko lijalo. China waliwahi kuuhamisha mji wa Haicheng kabla ya tetemeko la tarehe 4 Februari 1975, na dunia ikadhani siri imegunduliwa. Lakini mwaka uliofuata, tarehe 28 Julai 1976, mji wa Tangshan ulibomoka bila onyo lolote, na serikali ya huko ikatangaza vifo zaidi ya 240,000. Kwa hiyo mkipokea ujumbe katika simu usemao kwamba saa nane usiku wa leo litakuja tetemeko, ufuteni, wala msimtumie jirani. Kinachowezekana ni kutoa onyo la sekunde chache baada ya ardhi kwisha kupasuka, kwa kuwa mawimbi ya kwanza huenda kasi zaidi kuliko yale ya pili yanayobomoa nyumba. Mexico wamefanya hivyo tangu mwaka 1991, na Japani katika nchi nzima tangu mwaka 2007. Sekunde hizo hutosha kusimamisha treni au kuingia chini ya meza. Hazitoshi kuimarisha nyumba iliyojengwa vibaya. Waliofariki Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, katika tetemeko la 5.9, kuta zilikuwa zimewaangukia.

Volkano ni jambo jingine. Uji wa moto wa miamba hauwezi kupanda juu kimyakimya. Hupasua njia, na mpasuko huo huleta matetemeko madogo madogo. Huvimbisha mlima, na uvimbe huo hupimwa kwa setilaiti hata kama ni wa sentimita chache. Tena hutoa gesi, ambayo nayo hupimwa. Mwaka 2007, ardhi ilipotikisika mfululizo kaskazini mwa Tanzania hadi watu wa Nairobi wakatoka nje ya majengo marefu, ni picha za setilaiti zilizoonyesha kwamba uji wa moto ulikuwa umejipenyeza chini ya ardhi karibu na mlima Gelai. Miezi michache baadaye jirani yake, Ol Doinyo Lengai, akalipuka kwa nguvu.

Hivyo onyo la volkano linawezekana. Lakini onyo si kitu kimoja na kuokoka, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Nchini Colombia kuna mlima wenye theluji kileleni uitwao Nevado del Ruiz. Chini yake ulikuwepo mji wa Armero wenye watu wapatao 29,000. Mlima ulianza kutoa ishara Novemba 1984. Wataalamu walichora ramani ya hatari, ikatolewa Oktoba 1985, nayo ilionyesha wazi kwamba Armero iko katika njia ya mafuriko ya tope. Kwa kweli hata bila ramani ilitosha kukumbuka, maana mji ulijengwa juu ya tope la mlipuko wa mwaka 1845, lililoua watu huko huko. Pamoja na hayo wakubwa walisitasita. Kuhamisha watu ni gharama, na hakuna aliyetaka lawama ya kuwaondoa watu bure. Alasiri ya tarehe 13 Novemba 1985 majivu yalianza kudondoka juu ya mji, na watu wakaambiwa watulie, wabaki majumbani. Saa tatu usiku mlima ukalipuka, ukayeyusha sehemu ya barafu, na tope likashuka mabondeni. Lilichukua zaidi ya saa mbili kufika Armero. Kutoka mjini hadi mahali pa juu palipo salama ni mwendo wa miguu wa muda mfupi tu. Jumla ya waliokufa ni watu wapatao 23,000.

Sijui kama kuna msiba wa volkano unaotia uchungu kuliko huo, kwani kila kilichohitajika kilikuwepo: ramani, ishara, na muda. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kusema "ondokeni", na watu waliokwisha kuelezwa waende wapi.

Baada ya hapo Marekani iliunda mwaka 1986 kikosi cha wataalamu wa kusaidia nchi nyingine milima yao inapochafuka. Matunda yake yalionekana Ufilipino. Mlima Pinatubo ulikuwa umelala kwa miaka ipatayo 500, msitu umeufunika. Tarehe 2 Aprili 1991 ukaanza kutoa mvuke. Wataalamu wa Ufilipino wakiongozwa na Raymundo Punongbayan, pamoja na wenzao wa Marekani, walitega mashine zao, wakaweka ngazi tano za tahadhari ambazo hata asiyesoma sayansi aliweza kuzielewa. Gesi ya salfa dioksidi ilipanda kutoka tani 500 kwa siku katikati ya Mei hadi zaidi ya 5,000 tarehe 28 Mei. Kisha ikapungua ghafla. Mtu wa kawaida angefurahi. Wao waliogopa zaidi, wakijua kwamba kupungua huko huenda maana yake njia imeziba na nguvu inajikusanya ndani.

Lakini wengi hawakuamini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona mlima huo ukitoa moto. Kilichosaidia ni filamu fupi. Maurice Krafft, Mfaransa aliyetumia maisha yake kupiga picha za volkano pamoja na mkewe Katia, alikuwa ametengeneza filamu ya kuwaonyesha watu jinsi tope na mawingu ya moto yanavyoua. Ikaonyeshwa kwa viongozi, maofisa wa jeshi na wanakijiji. Mume na mke hao hawakuona matunda ya kazi yao. Waliuawa tarehe 3 Juni 1991 na wingu la moto la mlima Unzen, Japani, pamoja na watu wengine 41. Siku chache baadaye tahadhari ya Pinatubo ilifikishwa ngazi ya tano, na makumi ya maelfu wakahamishwa. Tarehe 15 Juni mlima ulilipuka kwa nguvu iliyopoza hewa ya dunia nzima kwa takriban nusu digrii. Watu mamia kadhaa walikufa, wengi wao kwa mapaa yaliyolemewa na majivu yaliyoloweshwa na mvua ya kimbunga. Hata hivyo inakadiriwa kwamba si chini ya watu 5,000 waliokolewa.

Nimalizie na jirani zetu wa Goma, Kongo, wasemao lugha yetu hii. Mlima wao, Nyiragongo, una lava nyepesi ambayo hukimbia kama maji mteremkoni. Ilishuka mwaka 1977, na tena tarehe 17 Januari 2002, ikapita katikati ya mji na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Hata bila mlipuko mlima huo unaua, kwa sababu gesi nzito ya kaboni dioksidi hutuama mabondeni usiku. Wenyeji huiita mazuku, na wanasayansi wa dunia nzima leo wanatumia neno hilo hilo la Kiswahili katika maandiko yao.

Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa kikisaidiwa na Benki ya Dunia. Msaada huo ulikoma mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa hata intaneti ya kupokea taarifa za mashine ilikatika. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ubavu wa mlima ukapasuka bila tangazo lolote, watu zaidi ya 30 wakafa, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao usiku huo. Ni rahisi kusema kwamba fedha zingekuwepo, onyo lingekuwepo. Uadilifu unatutaka tuongeze kwamba uchunguzi wa baadaye ulionyesha ishara dhahiri zilitangulia kwa dakika zipatazo 40 tu, maana uji wa moto ulikuwa karibu na uso wa ardhi tangu awali. Dakika 40 ni chache. Hata hivyo hazifai kitu kabisa pale ambapo hakuna anayetazama.

Siku tano baadaye, uji wa moto ulipokuwa ukipita chini ya mji wenyewe kuelekea Ziwa Kivu, serikali iliamuru mitaa kumi ihamishwe. Watu wapatao 400,000 walikwenda Sake, Bukavu na Rwanda, wengi wakilala nje bila maji safi. Mlipuko wa pili haukutokea. Wapo waliolalamika kwamba walisumbuliwa bure. Mimi siungi mkono malalamiko hayo. Aliyetoa amri ile alijua kwamba anaweza kulaumiwa, akaitoa. Wa Armero hawakuitoa.

Kwa wale miongoni mwetu wenye jamaa Goma au wanaoishi karibu na milima ya namna hii, waulizeni mambo matatu kabla ya siku yenyewe: nani hutangaza tahadhari, barabara ipi haipiti bondeni, na watoto watakutana wapi na wazazi wao wakitawanyika. Na kipaza sauti cha msikiti kijulikane nani ana ufunguo wake usiku.

Nakaribisha maswali.