Kusokota Uzi Nyumbani: Maneno Yaliyosemwa Nyawera



Tumekuja kusema juu ya uzi. Wengine wenu mlicheka mlipoona kijiti hiki na mfuko wa manyoya ya kondoo. Mlitazamia siasa. Sikilizeni mpaka mwisho, ndipo mtuambie kama siasa haimo.

Mwaka 1917 serikali ya Wabeleji ilianza kuwalazimisha watu wa vijiji kulima pamba. Kuanzia 1921 nchi ilikatwa mafungu, kila fungu na kampuni yake. Mlimaji hakuwa na ruhusa ya kutafuta mnunuzi mwingine, na bei ilikuwa imekwisha kupangwa. Aliyekataa kulima alitozwa faini au alifungwa. Wazee wa Maniema na wa bonde la Ruzizi waliijua kazi hiyo. Pamba ilitoka mikononi mwao mbichi, nao wakaenda dukani kununua kitambaa. Hata kiwanda cha Filtisaf kilipojengwa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwenye pamba hakuwa mwenye kiwanda. Leo mashine zile zimenyamaza.

Ninyi wa Kamituga na Kalima mnaufahamu mtindo huu. Kasiteriti inachimbwa kwa jasho lenu, inapakiwa katika gari ikiwa mawe, inayeyushwa ng'ambo. Uhuru wa 1960 ulitupa bendera, lakini njia ya yale mawe haikugeuka.

Ndiyo sababu tuliamua kujifunza kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kondoo wa milima yetu wana nywele, hawana sufu. Kondoo wa sufu, kama Merino na Corriedale, wanafugwa katika nyanda za juu za Kenya. Kule Nanyuki, karibu na Mlima Kenya, wanawake waliungana mwaka 1977, nao wanasokota sufu kwa mikono na kufuma mazulia. Sisi tuliagiza kilo 3 za sufu mbichi.

Mara ya kwanza tuliharibu. Tulimimina maji ya kuchemka, tukakoroga kama ugali, kisha tukasuuza kwa maji baridi. Sufu ikashikamana, ikawa ngumu kama kipande cha zulia. Kwa bahati tulikuwa tumetia kidogo tu.

Njia iliyo sawa ni hii. Kwanza tandaza sufu, tupa sehemu zenye mavi na miiba. Weka maji ya moto na sabuni katika beseni, zamisha sufu taratibu, iache ilale. Usisugue, usikoroge. Maji yasipoe kabisa, maana mafuta ya kondoo yatagandia tena. Itoe, uitie katika maji mengine yenye moto uleule, mpaka maji yabaki safi. Ianike kivulini. Usishangae ukiipima: uzito unaweza kupungua hata nusu, kwa sababu ya mafuta na vumbi.

Ikikauka, ichambue kwa vidole, kisha ichane kwa brashi mbili za meno ya waya mpaka nyuzi zilale upande mmoja. Ndipo uchukue kijiti chenye kibonge cha mti chini. Kizungushe kining'inie, huku mkono mwingine ukivuta sufu kidogo kidogo. Uzi ukikatika, msokoto haukutosha. Ukijikunja wenyewe, umezidi. Nyuzi mbili zikiwa tayari, zisokote pamoja kwa kugeuza upande wa pili. Hapo hazitafumuka. Mwisho ulowe uzi, uutundike ukauke.

Sasa tufanye hesabu. Kilo 3 mbichi zinatoa kama kilo moja na nusu safi. Triko ya mtu mzima inataka karibu nusu kilo ya uzi. Basi ni triko mbili, labda tatu, kwa baridi ya usiku wa mji huu ulio juu ya mita 1,400.

Mtu atatuuliza: je, mkono utashinda mashine? Hapana, hatutawadanganya. Kusokota kilo moja kunakula siku nyingi, na triko ya sokoni itakuwa rahisi zaidi. Lakini tumejifunza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyetufundisha: mahali feza inapozaliwa. Inazaliwa katika kuosha, katika kuchana, katika kusokota. Mwenye kuuza kibichi anauza pia kazi hizo zote bila kulipwa.

Watu wa Bara Hindi walilielewa hilo. Gandhi aliwahimiza wasokote uzi wao wenyewe, na gurudumu la kusokotea likawa alama ya kupigania uhuru walioupata 1947. Hawakuishia kwenye gurudumu. Walitaka viwanda pia.

Nasi vivyo hivyo. Mtoto wako akishika kijiti hiki, mwambie habari ya pamba ya babu yake. Kisha mwonyeshe gari linaloshuka na mawe, umwulize: huko linakokwenda, nani atalipwa kwa kuyayeyusha?

Akina mama wanaotaka kujifunza wabaki. Beseni liko tayari, na maji yako motoni.