Mwalimu Mgeni wa Lamu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tulipoombwa kusema machache jioni hii, tulifikiri kwanza kusema juu ya mishahara au juu ya likizo, maana hayo ndiyo yasemwayo kila tukutanapo. Lakini hayo yana wasemaji wake, nao hawachoki. Sisi twaomba ruhusa tulete habari za mwalimu mmoja aliyefika pwani yetu akiwa mgeni, akafa akiwa mzee wa nyumba nyingi zisizokuwa za ukoo wake. Jina lake ni Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilili, naye watu wa Lamu humwita Habibu Saleh.

Sababu ya kumchagua yeye ni hii. Sisi makarani tu watu wa kuhamishwa. Barua yaja, twafunga mizigo, twaingia mji tusioujua, twakaa miaka miwili au mitatu, kisha barua nyingine yaja. Katika mji mmoja sisi tulikaa miaka minne. Kila alfajiri alikuja mchukuzi na mkokoteni wake, akatujazia pipa la maji, akapokea fedha yake, akaenda zake. Siku ya safari alikuja kutuaga. Akatutaja kwa jina letu, akawataja na watoto mmoja mmoja. Nasi tulipotaka kumjibu tuliona ya kwamba jina lake hatulijui. Miaka minne tulimwita "Bwana Maji". Aibu ile haijatutoka, nayo ndiyo iliyotutia hamu ya kujua mgeni mwingine alifanyaje.

Habibu Saleh alizaliwa katika kisiwa cha Ngazija, katikati ya karne ya 19. Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut, upande wa kusini wa Arabuni, nao ni masharifu, yaani watu wahesabiwao kuwa kizazi cha Mtume Muhammad. Alikuja Lamu angali kijana, akamkuta huko ami yake, akasoma kwake na kwa wanazuoni wengine wa mji ule.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, maana ndipo penye shauri lenyewe. Mgeni huyu hakuwa mnyonge wa jina. Lamu ya siku zile ilikuwa mji wa daraja. Upande wa Mkomani zilikuwako nyumba za mawe za waungwana, zenye kuta nene na milango ya nakshi. Upande wa Langoni zilikuwako nyumba za udongo na makuti, wakaapo wageni wasio na mali, na watumwa, na waliokuwa watumwa. Sharifu aliyesoma alikuwa na mahali pake tayari: angealikwa, angepishwa njiani, angeketi barazani na wakubwa mpaka uzeeni, wala hapana ambaye angemlaumu. Tena elimu kubwa ya dini ilikuwa kama mali ya nyumba chache. Mtumwa na mtoto wa mtumwa walitosheka kujua kusali, au tuseme kweli, walitoshelezwa. Ni kweli ya kuwa Serikali iliuondoa utumwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini sisi tunaoandika nakala za sheria twajua ya kwamba sheria yaweza kumpa mtu uhuru asipate bado mahali pa kuketi darasani.

Habibu Saleh hakuingojea sheria. Aliacha baraza za wakubwa akaenda kukaa na watu wa Langoni, akawafundisha. Aliwafundisha wachukuzi, na watu wa mashambani, na wageni wenziwe kutoka Ngazija na Hadhramaut. Aliyesoma chuo cha pwani ajua kazi ile ilivyo: ubao wa kuandikia, wino wa masizi, na sauti za watoto zikipandana hata mpita njia asijue nani asoma nini. Mtoto huchukua alifu na be upesi, kama achukuavyo wimbo. Lakini mtu mzima, ambaye mikono yake imekuwa migumu kwa kamba na jembe, kuketi chini na kuanza alifu mbele ya watoto si jambo jepesi, aona haya. Mwalimu wa namna hiyo hana budi kuwa na subira ya baba, wala fimbo haitamsaidia.

Wako waliochukizwa. Walisema heshima ya elimu yavunjwa, na heshima ya masharifu pamoja nayo. Na jambo la matari liliongeza maneno. Habibu Saleh aliyaleta Lamu maulidi yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seyun, Hadhramaut, yakasomwa kwa matari na watu wakiyumba kwa pamoja, na haya ndani ya msikiti. Wanazuoni wengine walikataa: ngoma na msikiti havikai pamoja. Sisi si wanazuoni, na hukumu ya jambo hilo twawaachia wenyewe. Tunalotaka kulisema ni hili tu, kwamba watu wale wa Langoni walikuwa na ngoma zao tangu zamani, na kwa ajili hiyo walidharauliwa. Mwalimu hakuwaambia waache mikono yao mlangoni ndipo waingie.

Msikiti wake ulijengwa nje ya mji wa mawe, penye mchanga, pembeni mwa Langoni, mnamo mwanzo wa karne ya 20. Uliitwa Riyadha, maana yake bustani, kwa kulifuata jina la msikiti wa al-Habshi kule Seyun. Kando yake pakawa chuo, na wanafunzi wa mbali wakaja, wakapata malazi na chakula. Wagonjwa pia walimwendea, kwa kuwa alijulikana kwa dawa na dua. Fikirini, ndugu, mlango wa namna ile: huyu aja na kitabu, huyu aja na homa, na yule hana shida ila njaa. Karani mwenye dirisha moja na zamu moja huchoka kabla ya adhuhuri. Twasema haya kwa kujijua wenyewe.

Jina "Habibu" ni jina la heshima waitwalo masharifu huko Hadhramaut, na maana yake kwa Kiarabu ni mpendwa. Lakini jina la heshima likitajwa kila siku jikoni na pwani hugeuka likawa jina la nyumbani, kama "babu". Nadhani hapo ndipo ugeni wake ulipokwisha. Watu wasiokuwa na ukoo wa kuutaja mbele ya waungwana, waliong'olewa kwao na kuletwa utumwani, walipata mzee wa kumtaja. Na yeye aliyeacha jamaa zake Ngazija alipata jamaa wengi kuliko wale aliowaacha.

Alifariki katikati ya miaka ya 1930, akazikwa Lamu. Kazi ya Riyadha ilishikwa na wanawe, Sayyid Ahmad Badawi na Sayyid Idarus, na baada yao kizazi chao. Kila mwaka, mwezi wa Mfunguo Sita, watu huja Lamu kwa maelfu, kutoka pwani yote na ng'ambo, kwa ajili ya maulidi ya Riyadha, na hulizuru kaburi lake. Wajukuu wa Mkomani na wajukuu wa Langoni huonekana katika msafara mmoja. Hatusemi ya kuwa daraja zote zimekwisha Lamu. Mji hausahau upesi. Lakini matari yaliyogombaniwa sasa ndiyo sauti ya mji wenyewe, na mgeni aulizaye Lamu ina nini, hutajiwa hayo mapema sana.

Tulikusudia kusema pia habari za Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyeletwa mtumwa kutoka Kongo naye akawa mwalimu mkubwa, akafa mwaka 1931. Lakini twaona Bwana Katibu anaitazama saa yake, nasi tumekwisha kupita muda tuliopewa.

Neno moja tu lililobaki. Mwezi uliopita tulimwandikia rafiki aliye bado katika mji ule wa kazi yetu ya zamani, tukamwomba aende kisimani alfajiri, amtafute mzee mwenye mkokoteni wa magurudumu mawili, mmoja ukiwa na waya uliofungwa, amwulize jina lake na jina la baba yake. Jibu bado halijafika.