Reli Tatu, Vipimo Vitatu
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Vingunguti, Dar es Salaam)



Nimeombwa nizungumze juu ya reli na siasa. Kutoka hapa Vingunguti hadi Stesheni ya TAZARA ni mwendo wa miguu, basi nitaanzia hapo.

Jiji letu lina reli za vipimo vitatu. Reli ya Kati, iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina 1,067. SGR, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ina 1,435. Kila kipimo chaonyesha mjenzi alikuwa akitazama wapi. TAZARA ilipewa kipimo cha reli za Zambia na za kusini mwa Afrika, kwa kuwa ilikusudiwa kuifungulia Zambia mlango wa bahari.

Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia mwezi Novemba 1965, shaba ya Zambia ilikuwa ikipita mikononi mwa walowezi. Benki ya Dunia ilikwisha kusema mwaka 1964 kwamba reli ya kwetu haina faida. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda hawakukubali. China, nayo maskini wakati ule, ikatoa mkopo usio na riba. Mkataba ukatiwa saini Beijing, Septemba 1967. Kazi ilianza 1970, na kilomita 1,860 zikakabidhiwa Julai 1976. Wachina waliofia kazi hiyo wana makaburi yao Gongo la Mboto.

Ndugu zangu, benki ilihesabu fedha. Viongozi wetu walihesabu ukombozi. Naamini walikuwa na haki. Lakini hesabu ya fedha haikufutika, iliahirishwa tu. Zimbabwe ilipojitawala 1980, na ubaguzi wa Afrika Kusini ulipokwisha 1994, njia za kusini zilifunguka na mizigo ikahama. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haikupata kufikia kiasi hicho. Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua.

Ninyi vijana mtajenga nyingine. Siku hiyo ulizeni maswali mawili: reli hii inatukomboa na nini? Na mwaka wa thelathini, nani atanunua vipuri na mataruma? La kwanza wazee wetu walilijibu vizuri. La pili linawangoja ninyi.