Kipande cheupe cha Bangboka
(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama)



Tuzungumze juu ya kile kipande cheupe, maana wengi mlikisikia na wachache walikishika. Mama mmoja wetu, aliyerudi Bangboka na watoto wanne, alitoa avansi ya dola 80. Muuzaji alitaka 500. Mama akaja kuomba likelemba imalizie. Aliambiwa ni fedha ya zamani (siyo pesa, tunasema ile madini) iliyozikwa na Waarabu wa Tippu Tip.

Hatukumcheka. Tippu Tip alikuwa huku kweli, na mwaka 1887 aliwekwa kuwa liwali wa Stanley Falls. Lakini wakati ule huku mtoni watu walilipana kwa mitako, shanga na nguo. Fedha ilitembea zaidi kule pwani, kama sarafu za Maria Theresa za gramu 28 hivi. Na kipande chetu kilipigwa alama 999.9! Hiyo ni desturi ya viwanda vya siku zetu, na mtu mwenye nyundo na namba za chuma anaipiga nyuma ya nyumba.

Sumaku haikukishika. Muuzaji alifurahi sana. Lakini sumaku haishiki risasi, zinki wala bati pia.

Basi tukaazima mizani ya mama muuza samaki. Kipande kikavu: gramu 876. Kisha tukaweka beseni la maji juu ya mizani, tukasoma namba, tukazamisha kipande kwa uzi bila kugusa chini wala kando. Namba ikapanda gramu 120. Hizo 120 ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya 876 kwa 120, unapata 7,3. Fedha safi inatoa 10,5. Yetu iko karibu na bati au zinki. Angalieni: risasi inatoa 11,3, na risasi iliyochanganywa na chuma chepesi inaweza kufika pale pale penye fedha. Kwa hiyo maji yanakataa vizuri, lakini hayathibitishi peke yake. Yakikubali, bado mpeleke kwa sonara akwaruze ndani, siyo juu tu.

Na bei? Aunsi ya madini ni gramu 31,1. Kipande kile ni aunsi 28. Tuseme aunsi ingekuwa dola 30: kingepita dola 840. Sasa nani anamwachia mama asiyemjua kitu cha 840 kwa 500?

Kitu cha zamani cha kweli msikisugue wala kukikata, maana wanunuzi wanalipia ule uzee. Tunasema hivi kwa uchungu, kwa sababu familia moja iliuza liganda kwa bei ya chuma chakavu. Ni lile pande refu kama mkuki mpana ambalo Walokele na Watopoke walilipia mahari. Hakuna aliyeuliza.

Muuzaji alipoona hesabu, alisema anapigiwa simu, akatoka. Dola 80 hazijarudi. Kipande kiko ndani ya sanduku la likelemba, na Alhamisi kamati itakaa na mama juu ya ile avansi. Mwenye kitu cha namna hiyo akilete siku hiyo hiyo, kabla ya kutoa hata franga moja. Beseni litakuwepo.