SIMU AMBAYO HUKUIPOKEA: MANENO YA KATIBU KIKAONI

Nayaweka hapa niliyosema kikaoni, kwa ajili ya wenzetu waliokuwa shamba na waliokwenda mnadani.

Niliulizwa, "Katibu, kwa nini umeliondoa daftari la wanachama kwenye grupu?" Swali la haki.

Mwezi Mei 2019 WhatsApp walitangaza kuwa programu yao ilikuwa na tundu upande wa kupiga simu. Aliyelijua alikupigia tu, si lazima upokee. Simu ikiita, data zilizopikwa kwa hila zilijaa kuliko nafasi yake ndani ya programu, zikamwagikia pasipo pake, na upelelezi ukaingia. Chombo hicho kiliitwa Pegasus, cha kampuni ya NSO ya Israeli. Waliolengwa walikuwa kama 1,400.

Msiseme ni mambo ya Ulaya. Walikuwamo Wanyarwanda wa upinzani walio uhamishoni. Mmoja anaishi Leeds, Uingereza. Iliingia simu ya namba asiyoijua, kimya, ikakatika. Akapiga yeye, hakuna aliyepokea. Baadaye ndipo akaambiwa na watafiti kwamba alikuwa amelengwa.

Mzee mmoja akasema, lakini ujumbe si umefungwa kwa kufuli? Umefungwa, mzee wangu, ukiwa njiani. Mpelelezi akiwa ndani ya simu anausoma pamoja nawe.

Sasa, sidhani kuna mtu wa kununua mtambo wa bei ile kwa ajili ya tawi letu. Ninachokiogopa ni kidogo zaidi na kiko karibu. Tundu lile lilizibwa mwezi uleule, lakini kwa aliyesasisha programu yake. Humu ndani nimehesabu wanachama 11 wanaotumia GB, ile ya kupakua mitaani. Hiyo haitoki kwa wenye WhatsApp, wala matundu yake hawayazibi wao. Na daftari lilikuwa na majina, namba za kadi, namba za simu na michango ya kila mtu. Tapeli akilipata, atakupigia kwa jina lako, akutajie kadi yako na kiasi unachodaiwa, kisha aseme "itume kwenye namba hii." Nani asingetuma? Hata mimi mtu wa mahesabu ningetuma.

Kwa hiyo daftari limerudi kwenye kaunta buku, kabatini ofisini. Anayetaka kuona mchango wake aje, nitamfungulia ukurasa wake. Michango haipokelewi kwa namba itakayotumwa humu, hata kama ujumbe una jina langu. Nipigieni kwanza.

Wenye GB, waoneni vijana wa tawi Jumamosi saa nne asubuhi ofisini, wawasaidie kuhamia ile halali. Wengine wote njooni msasishe. Nitawasha hotspoti. Bando ni langu, halimo kwenye mfuko wa tawi, asije mtu akaniuliza risiti.

Katibu wa Tawi
Kwaluguru